Jinsi ya kwenda kuogelea Lower Falls kwenye mto Swift, New Hampshire, Marekani, wewe na familia mkarudi wazima

Ndugu zangu mnaokaa Manchester, Concord, Portland, Lewiston mpaka Boston huko, hii naandika kwa ajili yenu kwanza, afu na kwa yeyote anayekuja kutembea huku kiangazi. Kuna sehemu inaitwa Lower Falls, iko kwenye mto Swift ndani ya msitu wa taifa wa White Mountain, na kwa kweli ni moja ya sehemu nzuri sana za kuogelea mtoni ambazo mtu wa kawaida mwenye gari na dola tano mfukoni anaweza kufika. Wengi wetu tunakaa mwendo wa saa moja na nusu au mbili tu kutoka hapo lakini kiangazi kinaisha watu wako ndani na feni, wanasema sehemu za milimani ni za wazungu, hapana jamani, ule ni msitu wa umma, unamhusu kila anayeishi hapa na hata mgeni anayepita.

Lakini mto ule sio kama Malagarasi wala Ruzizi wala mto wowote uliokulia nao. Huku hakuna mamba wala kiboko, hilo ni kweli, na ndio maana watu wanaingia kwa raha bila kuuliza, kumbe hatari yake ni ya aina nyingine kabisa na chanzo chake ni barafu. Ukielewa barafu ilifanya nini pale utajua pa kukanyaga, pa kukaa, pa kuingia na pa kumkataza mtoto, kwa hiyo nivumilieni nieleze hilo kwanza halafu tuje kwenye njia na maegesho.

Iko hivi. Mpaka kama miaka elfu 14 hivi iliyopita eneo hili lote lilikuwa chini ya barafu, sio theluji ya kupiga koleo mlangoni, barafu nene iliyofunika mpaka kilele cha Mount Washington ambacho kina mita 1,917. Na barafu hiyo haikuwa imekaa tu, ilikuwa inatambaa polepole sana kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, imegandisha mawe kwenye tumbo lake na kuyakokota juu ya miamba. Nyumbani nako yalitokea, ukipanda Mount Kenya ukafika bonde la Teleki au la Mackinder unaona bonde pana lenye umbo la U, hiyo ni kazi ya barafu, ila kule ilikuwa barafu ya mlimani peke yake, huku ilifunika kila kitu.

Ilipoanza kuyeyuka ndio maji mengi yakaja, yamejaa mchanga na mawe, yakatafuta njia kwenye granaiti. Jiwe likinasa kwenye kishimo maji yanalizungusha, linazunguka na kusaga pale pale miaka na miaka, kama mchi kwenye kinu, mpaka unapata shimo la mviringo lenye kuta laini kabisa. Mto wa leo umerithi hayo yote, mwamba uliolainishwa, mashimo, na mawe makubwa kwa madogo yaliyoachwa bondeni barafu ilipoondoka. Ndio maana pale panapendeza, yaani unakuta ngazi pana za granaiti, maji yanashuka juu yake futi 10 hivi kwa vipande vipande, chini yake dimbwi kubwa la kijani ambalo ni safi mpaka unaona vijiwe.

Sasa uzuri huo huo ndio unaoumiza watu. Mwamba laini unateleza. Shimo lenye kuta laini halina pa kushika. Maji safi yanadanganya kina, kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopinda kwenye maji chini kunaonekana karibu kuliko kulivyo, sehemu unayodhani inamfikia mtoto kiunoni inaweza kumfikia kifuani. Na milima yenyewe ina udongo mwembamba juu ya mwamba, mvua ikinyesha hainywewi sana na ardhi, inakimbilia mtoni moja kwa moja, mto unapanda kwa saa chache tu. Haya manne yashike, yaliyobaki yote nitakayosema yanatoka humo.

Wakati mzuri wa kwenda ni kuanzia katikati ya Julai mpaka mwisho wa Agosti. Aprili na Mei usijaribu, theluji inayeyuka juu milimani, mto unanguruma na maji ni ya baridi ya kuua, ni wakati wa kwenda kuangalia na kupiga picha tu. Mei mpaka Juni kuna vile vinzi vidogo vyeusi vinavyouma nyuma ya masikio, mtoto mdogo atakulilia siku nzima. Septemba bado pazuri ila maji yameshaanza kupoa, Oktoba watu wanafurika kuangalia majani yaliyobadilika rangi na foleni ya magari inakuwa ndefu, hiyo ni safari nyingine.

Chagua siku ya katikati ya wiki kama kazi inaruhusu. Jumamosi na Jumapili maegesho yanajaa mapema, ukifika saa tano asubuhi utazunguka tu, na kupaki pembeni ya barabara ni kujitafutia tiketi na kuhatarisha watoto wanaoshuka kwenye gari. Fika saa mbili au saa tatu asubuhi. Kuna na sababu nyingine ya kuwahi, mvua za radi milimani zinapenda kuja mchana, kwa hiyo ogeleeni asubuhi, mle, afu mawingu yakianza kujikusanya mnakuwa mmeshamaliza. Angalia pia hali ya hewa ya jana na juzi, sio ya leo peke yake, maana mvua kubwa ya jana usiku iko mtoni leo hata kama jua linawaka. USGS, idara ya serikali inayopima mito, wana kipimo chao cha mto Saco karibu na Conway, unaweza kukiona bure kwenye simu, Swift unaingia Saco pale pale Conway kwa hiyo ukiona mstari umepanda ghafla ujue juu huko nako mambo sio mazuri.

Njia. Kutoka Manchester au Concord unapanda kaskazini mpaka Conway, kutoka Portland unakuja na barabara ya 302 au zile za ndani. Ukifika Conway unatafuta barabara ya 112, wenyewe wanaiita Kancamagus, au kwa kifupi the Kanc, jina la chifu wa Wapenacook waliokuwa na nchi hii. Unaingia kuelekea magharibi, kama maili 7 utaona kibao cha Lower Falls upande wa kulia. Kabla hujafika, kama maili 6 hivi, unapita karibu na daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, watoto wanalipenda.

Jaza mafuta Conway. Hii naomba msiipuuze, kutoka Conway mpaka Lincoln ni maili 34 na ushee, hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, na mtandao wa simu unakata sehemu nyingi. Pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani na mwambie mtu mmoja aliyebaki mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Ada ya maegesho ni dola 5 kwa gari kwa siku. Beba noti ndogo maana malipo yako kwa utaratibu wa bahasha, unatia hela ndani, unatumbukiza kwenye kisanduku, kile kipande unachobaki nacho unakiweka kwenye dashibodi. Na kama una mtoto aliye darasa la nne usilipe hata senti, kuna mpango wa serikali unaitwa Every Kid Outdoors, mtoto anajaza maswali kwenye tovuti yao mnaprinti karatasi, hiyo karatasi inaingiza familia nzima kwenye maeneo ya serikali kuu yanayotoza ada, kuanzia Septemba mpaka Agosti mwaka unaofuata. Iprintini kweli mje nayo mkononi. Nimekuta wazazi wengi wa kwetu hawajui hii kitu na watoto wao wanavuka darasa la nne hivi hivi.

Vitu vya kubeba. Cha kwanza laifu jaketi kwa kila mtoto na kwa kila mtu mzima asiyejua kuogelea, na hapa tusioneane haya, wengi wetu hatujui kuogelea, wengine tumelelewa kambini Nyarugusu au mjini ambako hakukuwa na pa kujifunzia, hakuna aibu yoyote. Tafuta iliyoandikwa U.S. Coast Guard Approved kwa ndani. Yale maboya ya mikononi ya kupuliza na yale maduara yenye picha za bata ni midoli, kwenye dimbwi lenye mkondo yanavuka na maji na mtoto anabaki. Jaribu jaketi nyumbani, mfunge mtoto mikanda yote, afu mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, halimfai.

Cha pili viatu vya maji au raba kuukuu zenye soli ya mpira inayoshika. Ndala hapana, ndala zinateleza na mkondo unazichukua, afu mtoto anaifuata ndala, hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Cha tatu kamba ya mita 15 hivi na dumu tupu la lita tano lililofungwa vizuri, funga kamba kwenye mshikio wa dumu, liweke pale mnapokaa, matumizi yake nitasema. Halafu taulo nyingi kuliko unavyodhani, nguo kavu za kubadilisha, sweta hata kama ni Julai, maji ya kunywa ya kutosha, dawa ya mbu na kupe. Kupe huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, jioni mkirudi kagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele.

Akina mama na akina bibi, khanga na kitenge ni vazi zuri la kukaa juu ya mwamba ila usiingie nalo majini, likilowa linakuwa zito na linajisokota miguuni. Wanaovaa hijabu kuna mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima kwa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, hayo ni salama kuliko dera la pamba. Jinzi pia hapana, kwa kila mtu.

Mmefika, mmepaki, mmelipa. Mteremko wa kushuka mtoni ni mfupi na watoto watataka kukimbia. Wazuie. Tafuteni kwanza mwamba mpana mkavu wa kuweka vitu, kaeni, afu wewe mkubwa nenda ukasome mto kwa dakika kumi kabla ya mtu yeyote kulowa.

Kusoma mto ni hivi. Angalia rangi, maji yakiwa safi au ya kijani sawa, yakiwa ya kahawia, yana povu nyingi na yamebeba matawi, mto umepanda, leo ni siku ya kula na kupiga picha. Angalia alama kwenye mwamba, kama ile sehemu ya mwamba yenye unyevu na majani yaliyokwama iko juu ya maji maana yake mto unashuka, kama maji yamefunika sehemu kavu kavu yenye majani ya ardhini yanayoelea maana yake unapanda, ondokeni. Afu chukua kijiti, kitupe juu ya sehemu unayotaka watoto waogelee ukifuate kwa macho. Kikielea polepole na kuzunguka pembeni, pazuri. Kikivutwa moja kwa moja kuelekea penye mawe au kikazama chini ya poromoko kisitoke haraka, hapo hata wewe mwenyewe usiingie. Tupa kingine sehemu nyingine. Tupa hata vitano, ni vijiti tu.

Na jambo la nne, jiulize, mtu akishindwa hapa maji yanampeleka wapi? Tembea kando ya mto ushuke kidogo uone kwa macho yako. Kama chini yake ni dimbwi tulivu lenye kokoto sawa, kama ni poromoko jingine au mawe makubwa yaliyobanana basi hapo sio pa kuogelea hata kama maji ya juu yametulia. Hili watu hawalifikirii kabisa, wanaangalia pale walipo tu.

Ukiwa hapo hapo chukua muda kidogo uguse mwamba. Upande ambao barafu ilikuja nao mara nyingi ni laini na umeinama taratibu, upande ilikoshukia ni wa kukatika katika, kwa sababu barafu ilipopanda ilisugua na iliposhuka iling'oa vipande. Pale mjini North Conway ukitazama magharibi unaona majabali mawili makubwa, Cathedral Ledge na Whitehorse Ledge, ni hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa wa mlima. Mtoni upande laini ndio wa kukalia na wa kutelezea, ule uliokatika una kona kali na mianya chini ya maji ambayo mguu unaingia usitoke.

Kuingia sasa. Maji haya hata katikati ya Julai mara nyingi yako chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, yaani sitini na kitu kwa hesabu ya Marekani, wakati hewa ya nje ni tisini. Mtu aliyetoka juani akiruka ghafla mwili unashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo anavuta maji. Hata mwogeleaji hodari anazama hivyo. Kwa hiyo ingia kwa miguu, taratibu, jimwagie maji mikononi, shingoni, kifuani, simama hapo maji yakiwa kiunoni ukipumua mpaka pumzi itulie, dakika moja au zaidi, ndio uendelee. Wafundishe watoto vivyo hivyo, ifanyeni wote pamoja kwa kuhesabu kwa sauti, wanafurahi.

Kwenye mwamba unaolowa tembea umeinama au kaa kabisa usogee kwa makalio, haina haja ya kuona aibu, hata wenyeji wanafanya hivyo. Pale penye utando mweusi au wa kijani usikanyage, hapo hata kiatu hakishiki. Jiwe kavu leupe leupe ni rafiki, jiwe linalong'aa ni adui.

Kuruka kichwa kichwa ni marufuku yangu, kwa kila mtu, hata kama unawaona vijana wengine wanaruka. Mto unahamisha mawe kila mwaka, dimbwi lililokuwa na kina mwaka jana mwaka huu lina jiwe katikati. Kama kijana anataka sana kuruka kwa miguu, mkubwa anayejua kuogelea ashuke kwanza mwenyewe apapase chini pote, sio kuangalia kutoka juu, kupapasa.

Kuteleza kwenye mwamba laini watoto ndio wanachokipenda kuliko vyote, na wakubwa pia, kuna sehemu maji yanapita membamba juu ya mwamba na unashuka mpaka dimbwini. Sawa, ila kwa miguu mbele, mmoja mmoja, na mtu mzima akiwa chini anapokea. Asiteleze mtu karibu na mahali maji yanapoangukia kwa nguvu, chini ya poromoko maji yanazunguka yanakurudisha nyuma na chini, povu lenyewe ni hewa nusu, halikubebi.

Mkondo ukikuchukua usijaribu kusimama. Najua akili yote inakuambia weka miguu chini, lakini mguu ukinasa kati ya mawe mawili maji yanakusukuma uso chini na nguvu ya kujinasua huna. Lala chali, miguu juu na mbele kuelekea chini ya mto, mikono inapiga makasia kando mpaka ufike penye maji tulivu au ya magotini, hapo ndio usimame. Hii ifanyieni mazoezi sehemu tulivu kabla hamjaanza kucheza, mtoto akilala chali mara tatu nne mwili unakumbuka.

Mlinzi. Hakuna mlinzi wa kuogelea pale, hakuna kabisa, kwa hiyo nyie ndio walinzi. Tunapokwenda kundi kubwa shida ni kwamba kila mtu anadhani mwingine anaangalia, mama yuko kwenye pilau, baba anaongea na shemeji, watoto kumi na mbili wako majini. Wekeni zamu. Mtu mmoja mzima, hana simu mkononi, hapiki, hapigi stori, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu, dakika ishirini afu anamkabidhi mwenzake kwa kutamka, dada zamu yako, naye ajibu nimeipokea. Mtu anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema, anakuwa kimya, kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko usawa wa maji. Mtoto wa chini ya miaka sita mkubwa awe umbali wa kumshika kwa mkono, sio umbali wa kumwita. Na bia ziacheni nyumbani siku hiyo, nasema kwa upendo.

Akitokea mtu amezidiwa, usimrukie. Familia zinapoteza wawili watatu kwa mpigo kwa sababu kila mmoja anamfuata mwenzake. Mnyooshee mti, taulo, mkono ukiwa umelala kifudifudi kwenye mwamba na mwingine amekushika miguu. Akiwa mbali ndio ile kamba na dumu, tia maji kidogo sana ndani ya dumu liwe na uzito wa kurushika, lirushe limpite kidogo, alikumbatie, mvute. Fanyeni majaribio siku hiyo hiyo mkifika, vijana wanapenda mashindano ya kurusha. Namba ni 911, na kama simu haina mtandao tuma gari kuelekea Conway huku wengine mkibaki na mgonjwa, waambie Lower Falls, Kancamagus, Albany, hayo maneno matatu yanatosha.

Baridi nayo usiisahau. Kwenye ngozi zetu midomo kubadilika rangi haionekani mapema, kwa hiyo angalia meno yanavyogongana, kucha, na mtoto anavyoanza kujikwaa au kuongea kwa kukokota. Robo saa majini, robo saa juani na taulo, ndio kipimo kizuri kwa wadogo. Atakwambia "mama sisikii baridi" huku kidevu kinatetemeka. Mtoe.

Sehemu nyingine za barabara hiyo hiyo. Maili 2 mbele kuna Rocky Gorge, mto umebanwa kwenye ufa mwembamba wa granaiti na kuna daraja la miguu la kusimama kutazama. Hapo kuogelea ni marufuku na ukiangalia nguvu ya maji utajua kwa nini. Maili 15 kutoka Conway kuna Sabbaday Falls, njia fupi msituni, maporomoko na yale mashimo ya mviringo niliyosema, nako ni marufuku kuingia majini. Wengine wanaruka uzio wapige picha, msiwe nyie. Ukivuka mpaka Lincoln ukaingia Franconia Notch kuna The Basin kwenye mto Pemigewasset, shimo moja la mviringo lenye upana wa futi 30, hilo nalo ni la kutazama tu, ila kwa kuona kazi ya jiwe linalozungushwa na maji sijaona pa kupita hapo.

Kwa wenye watoto wadogo sana au bibi asiyetaka purukushani ningesema nendeni Diana's Baths kule Bartlett, unatembea kama dakika kumi na tano njia sawa isiyo na mlima, unakuta vidimbwi vingi vya ngazi ngazi, vingi vya kina kifupi, vya kukaa na kulowesha miguu. Au Echo Lake pale North Conway, ziwa lenye ufukwe wa mchanga na maji yasiyokimbia, chini ya lile jabali la Whitehorse. Na anayetaka kujifunza kuogelea kweli aanzie bwawani, vituo vingi vya michezo vya YMCA vina madarasa mpaka ya wanawake watu wazima, ulizeni na kama kuna punguzo, usianzie mtoni.

Chakula pikeni nyumbani. Chapati, sambusa, pilau kwenye hotpoti, mahindi ya kuchemsha, matikiti, hivyo vinatosha, meza zipo pale ila zinawahiwa. Kuhusu kuchoma nyama someni ubao wa matangazo siku hiyo, kiangazi kikiwa kikavu moto unapigwa marufuku. Chupa za glasi usilete, glasi ikivunjika kwenye mwamba ule inaingia nyufani haitoki, na watu wote wako peku. Mabaki ya chakula usiache wazi, kuna dubu weusi, wakizoea chakula cha watu dubu ndiye anayekuja kuuawa. Mfuko wa taka uje nao na uondoke nao, mpaka maganda ya machungwa na mifupa. Sabuni usitumie mtoni kabisa, hata ile ya kunawa mikono, maji yale yanashuka Saco yanakatiza Maine mpaka baharini na watu wanayategemea njiani kote.

Kuondoka, hesabuni watoto kabla ya mizigo. Jioni endesha polepole, moose wanavuka barabara giza likianza kuingia na ni mnyama mrefu, taa za gari zinampiga miguuni tu, unamwona umeshamfikia. Dereva awe amepumzika na amekula, maji baridi na jua vinachosha kuliko watu wanavyodhani.

Na mnaorudi upande wa Manchester na Concord, kama watoto bado wako macho, pitieni Madison, ni kusini kidogo ya Conway. Kuna jiwe moja linaitwa Madison Boulder, urefu wake futi 83, upana futi 37, kimo futi 23 juu ya ardhi, uzito kama tani 5,000, na halikuzaliwa pale, barafu ndiyo iliyolibeba kutoka kaskazini ikaliacha. Msilipande wala msiliandike majina, zungukeni tu, mwambie mtoto asimame pembeni yake umpige picha, afu mrudi nyumbani.